Mji Tumetoa, Jibu Liko Wapi?

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni katika Maktaba ya Kaloleni, Nairobi, mbele ya wasomaji, watunzi na majirani waliofuata harufu ya chai. Nimeyaandika karibu yalivyotoka kinywani.)

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi watoto mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimetushinda, hamjambo?

Kitendawili!

Ahsanteni, nimetega. Anashuka kimya, anapanda akilia.

Haya, fumbueni. "Mvua." Mvua hupanda lini, mwanangu? "Mtoto kwenye ngazi." Umekaribia, lakini siyo. "Lifti." Huyu anafanya kazi mjini, na lifti anayoisema naijua, hata mimi imewahi kunikwamisha. Siyo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji.

Thika sitaki, ni karibu mno, nitarudi na njaa. Nakuru nilikuwa juzi. Kisumu! Kisumu naipokea. Basi nilikwenda Kisumu, nikafika jua likizama, nikakaribishwa kando ya ziwa, nikaandaliwa samaki mzima na ugali, nikala, nikashiba, nikalala, asubuhi nikapanda basi nikarudi. Ahsanteni kwa kunisikiliza, usiku mwema.

(Hapo niliteremka nikaenda kuketi. Kwa kelele zilizopigwa, mkutubi alitoka ofisini kuja kuangalia kuna nini.)

Nimerudi, nimerudi. Mzee, shusha bakora. Mmeona mlivyowaka? Na hicho ni kitendawili cha maneno manne, hatujakaa nacho hata dakika tatu. Sasa chukua hasira hiyo uitie katika wiki kumi na tatu za kutazama, jioni baada ya jioni, stima ikipotea unangoja irudi, unamnyamazisha mtoto, unamwambia mwenzako "huyo daktari anadanganya, mtazame mikono", halafu mtu usiyemjua, katika ofisi usiyowahi kuiona, anainuka na kusema usiku mwema.

Sheria ya vitendawili haijaandikwa popote, lakini mtoto wa miaka sita anaijua. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyekula mji hutoa jibu. Leo nimekuja kuwasema wanaokula mji na kwenda zao: wale wanaotuanzishia tamthilia ya fumbo na kuikata kabla ya mwisho.

Si kila kipindi kinachokatwa humwachia mtu kidonda. Wengi wetu tulilelewa na vichekesho vya televisheni, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mahakama ile ilikuwa na mashahidi waongo kuliko mahakama yoyote duniani, lakini kesi iliyosomwa jioni ile ilihukumiwa jioni ile ile. Wangefunga siku yoyote, tungewakosa kama unavyomkosa jirani aliyehama, wala pasingekuwa na anayemdai mwenzake. Tamthilia ya fumbo ni biashara nyingine. Bidhaa yake ni moja tu, nayo iko mwisho. Yote yanayotangulia, ile maiti ya kwanza, yule mke anayechoma barua jikoni, simu inayolia usiku kisha haisemi kitu, hayo unayapokea kwa ahadi. Unakopesha macho yako na usingizi wako. Na dawa ya deni tunaijua sote.

Deni hili nililijua kwanza nikiwa upande wa muuzaji. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha filamu pale Umoja, karibu na soko la Mutindwa. Kama kuna mtu wa hakimiliki humu ndani, anisamehe, nimeshaacha, na mtasikia nilivyoishia upande wake. Kompyuta moja, feni moja, ukuta mzima wa majalada ya plastiki. Mwanzo watu walinunua sidii, baadaye wakaja na flashi: unachomeka, unanakili, anakuhesabia sarafu. Katika kazi ile unajifunza watu. Wa mapigano anataka jina la mwigizaji. Wa mapenzi anataka kujua kama wataoana. Wa fumbo ana swali moja tu, na aliyenifundisha swali hilo ni mlinzi wa usiku wa jengo lililokuwa mkabala na kibanda changu.

Mtakumbuka Februari 2015. Nchi ilikuwa ikihamia matangazo ya dijitali, vituo vikubwa vikavutana na serikali, mitambo ya analogi ya Nairobi ikazimwa, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu wiki tatu. Watu walikaa sebuleni wakitazama vumbi kwenye kioo. Mimi sikulia, biashara haijawahi kuninogea vile. Mzee yule alikuja usiku wa tatu au wa nne, koti kubwa, rungu, tochi imening'inia kifuani, akasimama pembeni hadi wateja wakaisha.

"Mama," akaniambia, "nataka kitu cha upelelezi. Lakini niambie kwanza, kina mwisho?"

Nikamwambia kinao. Nikampa Twin Peaks.

Wasioijua nitawaeleza kwa ufupi, na anayepanga kuitazama azibe masikio. David Lynch na Mark Frost waliianzisha kwenye kituo cha ABC, Marekani, tarehe 8 Aprili 1990. Msichana wa shule, Laura Palmer, anakutwa amekufa ukingoni mwa maji, maiti imezungushiwa plastiki. Nani amemuua? Watunzi walitaka swali hilo likae sana. Wakubwa wa kituo hawakuwa na subira, wakashinikiza jibu litolewe, na likatolewa Novemba ya mwaka ule ule. Lynch amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo alipochinjwa bata wa mayai ya dhahabu. Watazamaji wakapungua, kipindi kikahamishwahamishwa siku, na tarehe 10 Juni 1991 kikaisha. Kikaisha vipi! Mpelelezi, mtu mwema kuliko wote mjini pale, yuko bafuni. Anakigonga kioo kwa paji la uso. Anayemtazama kutoka ndani ya kioo siye yeye. Basi. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilimkuta mzee ananisubiri nifungue kibanda. Hakuwa na hasira ya makelele. Aliweka sidii zake mezani kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana.

"Mama, nyumba uliyoniuzia haina paa."

Nilimrudishia pesa zake zote. Tangu siku ile, yeyote aliyekuja kutafuta fumbo nilimwambia mapema kama lina paa au halina, na kwenye majalada nikaanza kuchora kijumba kidogo kwa kalamu nyekundu. Wateja walizoea. Mtu anaingia, anapekua ukuta akitafuta vijumba.

Kisa cha mzee na Laura Palmer hakikuishia hapo. Mwaka 2017, miaka 26 baada ya kile kioo, Lynch na Frost walirudi na vipindi 18. Nilimwita mzee mbio. Mwishoni kabisa mpelelezi anasimama barabarani usiku, anauliza huu ni mwaka gani, mwanamke aliye naye anapiga ukelele, taa za nyumba zinazimika. Mzee akaja kibandani akitikisa kichwa. "Mwenyewe hajui ni mwaka gani. Mimi nitajua nini?" Lakini safari hii alikuwa akicheka, na pesa zake hakuzidai. Nimelifikiria sana jambo hilo. Paa la mara ya pili lilikuwa na tundu, ila tundu lile aliliacha fundi mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya kupanda juu na kuteremka. Watu wengi hudhani tunaolalamika tunataka kila kitu kifungwe na kupigwa pini. Hapana. Mwisho wenye fumbo ni mwisho. Tunachokataa ni fundi kuteremshwa kwenye ngazi na nyundo ingali mkononi.

Sasa, kwa nini wanakata? Jibu fupi ni pesa. Jibu refu ni pesa pia, ila zinahesabiwa kwa njia nyingine. Katika televisheni ya kawaida, kituo huuza macho yenu kwa mwenye sabuni. Macho yakipungua, mwenye sabuni huondoka, na muuaji wetu huondoka naye. Kwenye huduma za mtandaoni wanaona zaidi ya hapo: nani ameanza, amefika kipindi cha ngapi, amezima wapi. Hayo yote huwekwa kwenye mizani pamoja na gharama.

Mfano ulio karibu ni 1899. Netflix ilitoa vipindi 8 kwa mpigo tarehe 17 Novemba 2022. Meli imejaa wahamiaji kutoka Ulaya, inakwenda New York, inapokea ishara kutoka kwa meli nyingine iliyopotea miezi minne. Watunzi wake, Baran bo Odar na Jantje Friese wa Ujerumani, walikuwa wamepanga misimu mitatu. Kipindi cha 8 kinapindua yote uliyoyaamini katika vile saba. Unashika kichwa, unasema, ahaa, kumbe sasa ndiyo tunaanza. Tarehe 2 Januari 2023 wakatangaza kwamba imekatwa. Hesabuni: siku 46. Mahindi yaliyopandwa siku ile hayajatoa hata mbelewele.

Na hawakuwa watu wa kubahatisha. Kabla ya hapo walikuwa wameimaliza Dark, misimu mitatu, 2017 hadi 2020, hadithi iliyosokotana hivi kwamba kuna mteja wangu aliyechora ukoo wa wahusika nyuma ya kalenda ya kampuni ya bima, akaibeba kalenda nzima kibandani kuja kubishana nami nani ni babu ya nani. Walimlipa kila senti. Kwa hiyo waliowaamini mara ya pili hawakuwa wajinga. Walikuwa wakimkopesha mtu ambaye deni la kwanza alilipa.

Hapo ndipo ulipoingia ugonjwa ambao mpaka leo sijauonea dawa. Wateja walianza kuniambia, "Nitaichukua ikiisha." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na siwalaumu. Lakini tazama linalofuata. Wakingoja wote, hesabu ya walioitazama hadi mwisho inakuwa ndogo. Hesabu ikiwa ndogo, tamthilia inakatwa. Ikikatwa, wale waliongoja wanasema, mnaona? Tulijua! Tunaogopa kisu, na woga wetu ndio unaokinoa. Vijana wa siku hizi hawaanzi kabisa. Wanasubiri miaka mitatu kuona kama kijumba kitachorwa paa.

Wapo waliojaribu kupigana. Mwaka 2007 CBS ya Marekani iliikata Jericho, kisa cha mji mdogo unaoona wingu la bomu la nyuklia kwa mbali bila kujua nani amelipua. Katika kipindi cha mwisho shujaa aliombwa asalimu amri, akajibu kwa neno moja la Kiingereza ambalo pia lina maana ya njugu. Mashabiki wakalidaka. Wakanunua njugu, wakazituma kwa wakubwa wa kituo, tani zipatazo 20. Napenda kumfikiria bawabu wa jengo lile siku lilipofika gunia la kwanza, anavyotia sahihi, na siku lilipofika la mia, anavyoapa. Wakubwa wakakubali kutoa vipindi 7 vingine. The OA nayo ilikatwa Agosti 2019, misimu 2 kati ya 5 iliyokusudiwa, na shabiki mmoja akakaa nje ya ofisi za Netflix kule Los Angeles akigoma kula. Huyo siwezi kumuunga mkono, mwili wa mtu si wa kuwekewa dau la tamthilia. Kumcheka pia siwezi.

Hapo nyuma kuna mtu ananinong'oneza tangu nianze kwamba hasikii neno hata moja kabla ya jibu lake. Haya. Ni ndoo ya kisimani. Inashuka tupu, kimya. Inapanda ikitiririsha machozi. Kisumu nimewarudishia, samaki tu ndiye sitaweza. Sasa tuendelee kwa amani.

Nasema kama mtazamaji, na nimesema kama muuzaji. Lakini na mimi nimekula mji wa watu, na sikuja hapa kuuficha. Baada ya kufunga kibanda nilipata kazi katika chumba cha waandishi wa tamthilia, hapa hapa Nairobi. Kituo sitakitaja, na mnaoijua tamthilia yenyewe nawaomba msiitaje kwa sauti. Tulikuwa watano, meza moja, chupa moja ya chai. Kisa chetu kilikuwa hivi: matatu ya mwisho ya usiku inakutwa kwenye kituo chake cha mwisho, injini inanguruma, taa za ndani zinawaka, pochi ya nauli iko juu ya kiti cha mbele na pesa zote zimo. Kondakta hayupo. Dereva alikuwa hospitalini usiku kucha, manesi wanne wameshuhudia. Nani alikuwa kwenye usukani?

Tuliahidiwa vipindi 26. Tulipofika cha 13 mdhamini akajitoa, ikaja barua ya mistari minne. Hatukupewa hata kipindi kimoja cha kufungia mlango. Aliyeigiza dereva alikuwa ameshapakwa poda. Alinawa uso kwenye bomba la nje, akapanda bodaboda akaenda. Nilimtazama hadi akaishia kwenye kona.

Basi watu wakaanza kuniuliza. Mama mboga wa mtaa wetu alisimamisha kisu katikati ya fungu la sukuma wiki: "Kondakta yuko wapi?" Nikamwambia mkataba unanikataza kusema. "Basi na mimi mkataba unanikataza kukata," akanirudishia sukuma nzima nzima. Nilizipika hivyo hivyo.

Na ni kweli mkataba ulinikataza. Kifungu kilisema hadithi na siri zake zote ni mali ya kituo, ipeperushwe isipeperushwe. Nilikishika kifungu kile kama mtu aliyekamatwa na mvua anavyoshika mwavuli. Lakini leo, mbele yenu, kwa mara ya kwanza nasema lililokuwa chini ya mwavuli. Tulikuwa hatujui. Ukutani mwetu kulikuwa na karatasi ya manila yenye majina matatu, na mbele ya kila jina alama ya kuuliza. Tulidhani tumebakiwa na vipindi 13 vya kuamua. Watu walikuwa wametupa Kisumu, Nakuru na Mombasa yote, na jibu hatukuwa nalo.

Kwa hiyo nikiwaambia nyinyi vijana mnaoandika kwamba uandike mwisho kwanza, siwaambii kama mwalimu. Uandike, uukunje, uutie kwenye bahasha, hata kama utaubadilisha mara kumi. Halafu mkataba ukiletwa, gombanieni kifungu kimoja kabla ya kuuliza malipo ni lini: kwamba tamthilia ikikatwa, mtunzi anaruhusiwa kuwapa watazamaji karatasi moja. Karatasi moja tu, pande mbili. Nani, vipi, kwa nini. Kituo kinapoteza nini? Hadithi wameshaitupa. Kanuni za utangazaji nchini zinavitaka vituo asilimia 40 ya vipindi vyao viwe vya humu nchini, lakini hilo halizuii kazi kukatwa, na wenye pesa za ng'ambo mmewaona: Januari 2024 Amazon ilitangaza kwamba inaacha kuagiza kazi mpya Afrika, watu wakabaki na miswada mikononi. Kazi zitaendelea kukatwa. Mimi naomba karatasi.

Wapo waliodai zaidi ya karatasi na wakapata. Mwaka 2007 watunzi wa Lost, wakiwa na mamilioni ya watazamaji, walikaa na wakubwa wa ABC wakapanga siku ya kuzimwa kwa kipindi chao wenyewe: misimu mitatu zaidi, mwisho mwaka 2010. Ikafika 2010, wakamaliza. Mwisho ule uliwachukiza wengi; kibandani kwangu nusura watu washikane mashati. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema hakupewa. Mwisho mbaya nitabishana nao hadi asubuhi. Usiokuwepo nitabishana na nani?

Kifo ni jambo lingine, kifo hakina mkataba. Charles Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa katikati ya riwaya ya fumbo ya Edwin Drood; sehemu 12 zilikusudiwa, akaacha 6. Watu wamekuwa wakiimaliza kwa niaba yake tangu hapo, na mwaka 1985 huko New York waliifanya mchezo wa jukwaani ambamo waigizaji husimama katikati wakawaomba watazamaji wapige kura, muuaji awe nani. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka DJ mmoja, yaani msimuliaji wa filamu, wa kibanda cha video Kayole, enzi zile kina DJ Afro walipotufundisha kwamba filamu ya Kichina inaweza kuzungumza lugha ya mtaani. Sidii ilikwama zimesalia kama dakika kumi. Picha imeganda, jambazi ameinua panga. DJ hakunyamaza. Aliendelea kusimulia mbele ya picha iliyoganda, akamtorosha shujaa dirishani, akampandisha matatu, akampigisha jambazi kona hadi Dandora. Tulishangilia. Kesho yake watu walilipa tena wakitaka sidii ile ile, na ikwamie pale pale.

Nimefika kwa mzee wangu.

Tamthilia yetu ya matatu alikuwa akiitazama, na hakujua kwamba mimi ni mmoja wa walioiandika. Ilipokatwa nilikwenda Umoja kumsalimia na kumwambia kwa kinywa changu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akachomoa chini ya kiti chake daftari la miraba, lile la hesabu la shule ya msingi, limevalishwa jalada la gazeti. Kila kipindi kilikuwa na ukurasa wake: tarehe, nani amevaa nini, nani amesema uongo. Kwenye kipindi cha 4 alikuwa amepiga mistari miwili chini ya maneno haya: saa ya dereva.

"Mama, kipindi cha 1 hadi cha 3 saa iko mkono wa kushoto. Cha 4 iko kulia. Cha 5 imerudi kushoto. Dereva wa cha 4 siye yule."

Nilihisi jasho. Siku ya kupiga kipindi cha 4 mwigizaji wetu alikuwa ameungua kifundo cha mkono wa kushoto kwa chai, akahamisha saa, na dada aliyekuwa akichunga mavazi hakuona. Lilikuwa kosa. Sikuthubutu kumwambia, na nikashukuru, kwa sababu mzee alikuwa bado anafunua kurasa. Injini, akasema. Aliyeiacha matatu alimwacha kondakta, akaziacha pesa, lakini mbona hakuizima injini? Mgeni angeizima. Mkimbizi pia angeizima, kelele si rafiki yake. Anayeiacha gari kuukuu inanguruma ni yule anayejua kwamba stata imekufa, ukiizima haiwaki tena bila kusukumwa. Huyo ameiendesha usiku mwingi. Na dereva mwenyewe yuko hospitalini. Basi madereva ni wawili, leseni moja, sura moja. Ndugu. Mmoja kwa saa ya kushoto, mmoja kwa saa ya kulia. Na nani pekee anayekaa nao usiku hadi usiku, karibu kiasi cha kuona saa iko mkono gani? Kondakta.

Sisi ile injini tuliiacha inanguruma kwa sababu ilisikika vizuri.

Niliwasomea wenzangu wanne daftari lile katika mkahawa mmoja wa Tom Mboya Street. Hakuna aliyegusa samosa. Mmoja wetu, aliyelipigania miezi mitatu lile jina la pili kwenye manila, alitoa kalamu akaliandika juu ya kitambaa cha karatasi, akalikata pale pale.

Swali likabaki: kondakta yuko wapi? Hilo mzee amelijibu pia, kwenye kurasa mbili za mwisho, lakini amezikunja pamoja na kuzibana kwa stepla pande zote tatu. Daftari alinipa, kwa sharti. "Hizo utafungua siku mtakayoniletea wenu, tulinganishe."

Ninalo hapa. Pini zote kumi na moja zimo, mnaokaa mbele mnaweza kuzihesabu. Jumanne tunakutana tena sisi watano, bila kituo na bila mdhamini, tuandike karatasi moja, pande mbili. Anayetaka kuja kusikiliza anifuate Umoja. Mzee amesema tuwe tumefika kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana akishaingia zamu hamfungulii mtu lango kwa ajili ya hadithi.